Akisema "Singida", anataka kutoka

"Mama Mkubwa, shikamoo. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wawili. Wa kwanza ametimiza miaka 6 na haongei na mtu. Kutwa anapanga vizibo vya soda mlangoni, mstari mmoja, ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa anaziba masikio na kuingia chini ya kitanda. Akitaka kutoka anasimama mlangoni na kusema 'Singida, Singida, wawili tu' kama konda. Chekechea walimrudisha baada ya wiki tatu, mwalimu akasema ana usonji na pale si mahali pake. Mama mkwe, yuko Mvumi, anasema ni mizimu ya ukoo, tena nilirudi sokoni mapema mtoto akakosa mama. Wifi anasema ni chanjo ya surua. Mume wangu ni fundi ujenzi huko Mtumba, akirudi hasemi kitu. Kaka yangu wa Dar amepata bweni la watoto kama hawa, anataka tumpeleke Januari. Mimi nauza chapati Majengo tangu alfajiri, mdogo wake nikiwa nimembeba. Huyu mkubwa, tangu siku alipotoka akaokotwa barabara ya Singida, namfungia kwa kufuli mpaka nirudi saa nne. Usinihukumu. Nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Sikuhukumu, ila kufuli ndilo nitaanza nalo, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki na hili haliwezi. Waya mmoja wa umeme ukiungua saa mbili asubuhi, mtoto asiyeweza kuita atakuwa ndani, ufunguo uko Majengo, na majirani wanatafuta nyundo. Najua ulivyofika hapo. Watoto wengi wenye usonji, hali inayogusa namna mtoto anavyoongea na kuhusiana na watu, hutoka wakaenda zao bila kuogopa gari wala giza, na si utukutu, kuna kitu kimewavuta. Kwa hiyo mlango ufungwe, lakini komeo liwe la ndani, juu, mkono wake usipofika, na mtu mzima awe upande huohuo wa mlango alipo mtoto.

Utaniuliza mtu mzima gani. Mama mmoja wa Chang'ombe aliyenipigia mwaka jana alihamisha biashara kutoka alfajiri hadi jioni, akapika chapati mtaani kwake saa ambayo mumewe amesharudi. Faida ilipungua, hakunificha hilo. Mwingine anamlipa bibi jirani kwa wiki, na siku akikosa hela anampelekea unga. Angalia lipi linawezekana kwako. Na leo jioni hii, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike namba yako ya simu ndani ya kola ya kila shati lake. Kisha mshike mkono mwende kijiwe cha bodaboda, wamwone sura, uwaambie: huyu ni wangu, haongei, mkimwona peke yake msimkimbize, nipigieni. Najua aibu itakubana. Wale vijana wanaona kila kinachopita njia ile, nawe unahitaji macho yao.

Sasa nije kwenye sentensi yako niliyoirudia mara tatu. Umeandika "haongei na mtu", halafu mistari michache mbele ukaniambia akitaka kutoka anasema "Singida, Singida, wawili tu". Mwanangu, huko ni kuongea. Amesikia kwamba maneno yale yakisemwa watu wanaondoka, akayachukua mazima mazima, kama mtu aliyeokota ufunguo akaujaribu kwenye mlango wake. Watoto wengi wenye usonji huanza hivyo, kwa vipande vya tangazo la redio, vya wimbo, vya maneno ya konda. Usimcheke, wala usimkataze. Akisema "Singida", mwitikie papo hapo: "Kutoka. Unataka kutoka." Umfungulie, mtoke hata hatua kumi mpaka kwenye mwarobaini. Kesho hivyohivyo. Neno "kutoka" litakaa pembeni ya "Singida" mpaka siku moja litachukua nafasi yake, na lisipoichukua, angalau wewe unajua anachotaka naye anajua kwamba unajua. Vilio vingi hupungulia hapo.

Picha nazo zinasaidia sana. Piga kwa simu picha ya kikombe chake, choo, kitanda, shati la kutokea, zichapishe steshenari, zibandike kwenye boksi ukutani kwa mpangilio wa asubuhi yake. Mtoto anayelia kizibo kikisogezwa anapenda kujua kinachofuata. Mwonyeshe basi.

Habari za nani kakosea nitazipitia haraka, maana zinakula muda wa mtoto. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika kuhusu watoto 11 waliofanana na wako, na kwa miaka mingi baada yake mabingwa wenye shahada zao waliwaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliomfanya mtoto ajifungie. Waliwafananisha na jokofu! Aliyewajibu kwa kitabu mwaka 1964 ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Leo inajulikana kuwa usonji ni namna ubongo unavyojijenga tangu tumboni, na urithi una sehemu kubwa. (Ukisikia urithi usianze kutafuta ni ukoo wa nani.) Kwa hiyo mama mkwe wako yuko nyuma miaka sitini tu, na alikuwa na maprofesa wa kumsindikiza.

Wifi naye ana mahali alipoupata uvumi wake. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha andiko kuhusu watoto 12 akihusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida lililolichapisha lililifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa nchi yake. Hapa kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, umri uleule ambao mama anaanza kuona kwamba mwanawe haitiki jina. Mambo mawili yamekutana njiani, watu wakadhani ni ndugu. Mdogo wake amalize chanjo zake zote.

Mvumi mpeleke mtoto akamwone bibi yake, lakini chale na kufukizwa hapana. Mtoto anayeumizwa na mlio wa mashine ya kusaga, ukimfunika shuka juu ya chungu cha moshi utakuwa umemfundisha kuogopa watu wake mwenyewe. Mpe bibi kazi nyingine. Wagogo mnajulikana kwa kuimba. Amwimbie wimbo mmoja wa Kigogo wakati wa kuoga, uleule kila siku, bila kubadilisha. Mtoto aliyemkariri konda hatashindwa kumkariri bibi yake. Na atakayekuambia kuwa lugha mbili zinamchanganya, mpuuze.

Neno "usonji" limetoka kwa mwalimu wa chekechea. Huenda amesema kweli, ila kupima si kazi yake. Nenda hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma, uombe kumwona daktari wa watoto, na ombi lako la kwanza liwe kupimwa masikio. Usiseme "mbona mashine anaisikia". Mtoto anaweza kusikia mngurumo na akakosa herufi ndani ya neno. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha usonji. Daktari atamtazama na kukuuliza historia yake. Kwa hiyo mrekodi kwa simu vipande vifupi akiwa nyumbani, vizibo, masikio, "Singida", maana hospitalini ama ataganda ama atapiga kelele tu. Ukimwona anakodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa, sema, kwani kifafa huandamana na usonji kwa baadhi ya watoto na kifafa kina dawa. Usonji wenyewe hauna dawa ya kuuondoa, na anayekuuzia anakuuzia chupa. Wakikuandikia rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, nenda. Najua hapa mjini jina lile ni tusi, lakini kule kuna wataalamu, na mtaa hautakulelea mtoto.

Bweni la Dar: hapana. Kaka yako ana nia njema na jibu langu linabaki hapana. Mtoto wa miaka 6 asiyeweza kukueleza aliyempiga, aliyemnyima chakula au aliyemshika vibaya, halali mbali na macho yako. Akiwa na miaka 14, akiweza kusema, tutaongea upya.

Na shule? Hapa niruhusu nikueleze langu. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi kabla ya kuandika safu hii. Mwaka mmoja nilikuwa na mvulana aliyekaa chini ya dawati. Nikimwita haitiki, nikimvuta anang'ata. Siku moja nilichungulia daftari lake, nikakuta kurasa na kurasa za namba za mabasi yaliyokuwa yakipita mbele ya shule, zimeandikwa kwa mkono mzuri kuliko wangu. Nilijua kabisa kwamba nimeona kitu. Bado nilimwita mama yake nikamwambia, mpeleke kwa bibi yake kijijini, hapa anawasumbua wenzake. Nilikuwa na watoto zaidi ya 80 na fimbo moja. Yule mama alikunja daftari, akaliweka ndani ya kanga, akashukuru. Akashukuru! Sikumwona tena. Kwa hiyo mwalimu akikuambia "si mahali pake", ujue wakati mwingine anakuambia habari za uchovu wake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma na wenzake na kupewa msaada anaouhitaji. Sheria peke yake haishiki chaki, kwa hiyo usiingie shuleni na sheria mkononi. Anzia ofisi za Jiji kwa afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Mwombe mtoto afanyiwe tathmini, na akutajie shule za msingi za serikali zenye kitengo cha elimu maalumu zilizo karibu na Nkuhungu. Nenda mapema, kabla ya uandikishaji wa Januari kupamba moto. Kisha katembelee shule yenyewe saa ya mapumziko, si saa ya vipindi. Tazama mtoto aliyekaa pembeni anafanyiwa nini, choo kiko umbali gani, geti lina mlinzi au ni tundu tu kwenye ua. Uliza kama yupo mwalimu aliyepita Patandi, kule Arusha, chuo kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Mwalimu mmoja wa namna hiyo ana faida kuliko jengo jipya.

Akipokelewa, omba aanze kwa saa mbili kwa siku. Sare ifue mara tatu au nne ilainike, ukate lebo ya shingoni, viatu avivae nyumbani wiki nzima kabla. Jumapili mtembee njia ya shule ikiwa tupu, tena na tena, njia ileile. Mwalimu mwombe mambo mawili tu, ukimwombea kumi hatafanya hata moja: akae sehemu moja isiyobadilika, karibu na ukuta, na aonywe kabla kengele haijalia. Baba mmoja wa Kizota aliniambia mwanawe alikaa darasani mwaka mzima tangu walipompa kazi ya kuigonga kengele yeye mwenyewe. Kelele aliyoijua inakuja haikumtisha.

Mumeo anayerudi kimya nimemweka mwisho, na si kwa sababu ni mdogo. Hujaniambia kwamba amemkataa mtoto. Umesema hasemi kitu. Wanaume wengi wakiona jambo lisilo na pa kushika hunyamaza, nawe ukimletea maneno ya mizimu na chanjo kila jioni unamwongezea ukimya. Mpe la kushika. Mafundi wanaokata marumaru na vyuma huvaa vile vikinga masikio vinavyofunika sikio lote. Mwambie akuletee kimoja kidogo, dukani kwenye vifaa vya ujenzi vinapatikana. Yeye ndiye amvalishe mtoto, kwanza dakika moja nyumbani palipo kimya, kesho mbili, mpaka siku ambayo mashine ya jirani itawashwa na watakaa wawili mlangoni wakipanga vizibo. Halafu mwachie pia lile komeo la juu alifunge yeye. Fundi hafungiwi komeo na mwingine.

Majibu ya masikio yakitoka niandikie. Uniambie pia habari ya choo, maana hukuigusa kabisa na najua ipo.