Video inaganda katikati ya somo: je, kosa ni la VLC?

SWALI: Mtaalamu, pokea salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu wa bayolojia wa sekondari. Natumia laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel Core i5-4300U na RAM ya GB 4, na nimeiwekea mfumo wa Ubuntu 22.04 (aina ya Linux). Video za masomo nimezihifadhi kwenye diski ya nje ya TB 1, nazo huzionyesha darasani kwa projekta nikitumia VLC, programu ya kuchezea video. Kwa muda sasa VLC imekuwa ikiniangusha mbele ya wanafunzi. Mara picha huganda huku sauti ikiendelea. Mara vyote viwili husimama kwa karibu nusu dakika, dirisha likageuka kijivu, kisha video ikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipanya hakigandi. Nimeiondoa VLC na kuisakinisha upya mara mbili bila mafanikio. Je, nihamie programu nyingine, au nirudi Windows?

JIBU: Mwalimu, salamu zimefika. Umeeleza tatizo lako kwa makini kuliko wengi wanaoniletea kompyuta mkononi, na makini hayo yamenirahisishia kazi, kwa sababu umetaja mambo mawili ambayo wengi huyachanganya kuwa moja. Picha kuganda huku sauti ikiendelea ni ugonjwa mmoja, na picha na sauti kusimama pamoja kwa nusu dakika ni ugonjwa mwingine kabisa. Ninavyoona, laptopu yako ina yote mawili, na VLC haina kosa katika lolote kati ya hayo. Usihame bado.

Nianze na ile nusu dakika, maana ndiyo iliyonishtua. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo unaozungumza na vifaa, inapotuma ombi la kusoma data kwenye diski, kwa desturi husubiri jibu kwa sekunde 30. Diski isipojibu katika muda huo, kerneli hulifuta ombi, huiwasha diski upya kupitia lango la USB, kisha hutuma ombi lilelile tena. Wakati huo wote VLC imekwama: imemaliza akiba ndogo ya data iliyokuwa nayo, inangoja nyingine, na haiwezi hata kujibu unapobofya dirisha lake, ndiyo maana dirisha linageuka kijivu. Data ikifika, video inaendelea. Programu iliyoharibika haina tabia ya kupona yenyewe kila baada ya nusu dakika. Diski isiyojibu ndiyo yenye tabia hiyo. Ukitaka kuona muda huo kwa macho yako, andika amri hii kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), ukiweka jina la diski yako mahali pa sdb:

cat /sys/block/sdb/device/timeout

Jina lenyewe utalipata kwa amri ya lsblk, ambayo huorodhesha diski zote pamoja na ukubwa wake, nawe utaitambua ya kwako kwa ile TB 1.

Sasa tuthibitishe. Fungua terminali, andika amri ifuatayo, uiache wazi pembeni huku ukicheza video kutoka kwenye diski ya nje:

sudo dmesg -wT

Amri hii huonyesha kila jambo ambalo kerneli inaliandika, pamoja na saa yake. Video ikisimama, usiguse kitu, tazama terminali. Ukiona mstari wenye maneno "reset high-speed USB device" au "reset SuperSpeed USB device", basi mawasiliano kati ya laptopu na diski yamekatika, na kerneli imejaribu kuyarudisha. Ukiona "I/O error" ikifuatiwa na jina la diski na namba ya sekta (kipande kidogo cha diski), basi kuna sehemu ya data ambayo haikusomeka kabisa. Wakati huohuo, katika terminali ya pili, andika:

ps -L -C vlc -o stat,comm

Safu ya kwanza inaonyesha hali ya kila uzi wa VLC, yaani kila kazi ndogo inayoendeshwa ndani yake. Herufi S ina maana uzi unangoja kwa kawaida, R ina maana unafanya kazi, na D ina maana umefungwa ndani ya kerneli ukingoja kifaa, mara nyingi diski. Ukikuta D wakati video imesimama, huna haja ya kuilaumu VLC tena. Nakuomba ukumbuke pia kwamba programu iliyo katika hali ya D mara nyingi haiuawi hata kwa kill -9 (amri ya kuisimamisha programu kwa nguvu), kwa sababu amri hiyo hutekelezwa pale tu kifaa kinapojibu au kerneli inapokata tamaa nacho. Watu wengi hapa hukimbilia kuzima kompyuta kwa kubana kitufe cha kuwashia, na hivyo huongeza uharibifu kwenye diski ambayo tayari ni mgonjwa. Subiri, au kama huna budi, chomoa kebo ya diski peke yake.

Diski isiyojibu ina sababu kadhaa, na ya kwanza kuichunguza ni ile ya bei ndogo, yaani kebo. Mwaka jana nililetewa laptopu na kundi la kwaya kutoka Mukono waliokuwa na malalamiko kama yako. Walikuwa tayari wamenunua diski mpya na tatizo likabaki palepale. Niliposhika kebo karibu na kichwa chake kile kipana na chembamba kinachoingia kwenye diski, nikaipinda kidogo tu kama upana wa kidole, mistari ya "reset" ilimiminika kwenye terminali. Kebo ya zamani ndiyo waliyoihamishia kwenye diski mpya. Basi jaribu kebo nyingine, fupi iwezekanavyo, na uichomeke moja kwa moja kwenye laptopu bila kupitia kigawanyio cha USB. Lango la USB 2.0 limewekewa kikomo cha miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900, na diski inayozunguka huhitaji umeme mwingi hasa inapoanza. Kwa hiyo chagua lango la USB 3.0, ambalo kwa kawaida lina ulimi wa buluu ndani.

Kebo nzuri ikishindwa kuleta nafuu, jaribu kunakili video moja ndefu kutoka diski ya nje kwenda diski ya ndani, mara mbili au tatu. Tazama inakwama wapi. Ikikwama kila mara mahali palepale, diski yenyewe ina sekta mbovu. Ikikwama mahali tofauti kila mara, rudi kwenye umeme, lango na kebo. Tofauti hiyo ndogo imeniokolea saa nyingi za kazi. Kwa hali ya diski yenyewe, sakinisha smartmontools, kisha uiulize:

sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb

Tafuta mstari wa Current_Pending_Sector, na usome namba iliyo mwisho wa mstari. Ikiwa ni 0, shukuru. Ikiwa si 0, diski ina sekta ambazo imeshindwa kuzisoma, na haifai kuaminiwa na masomo ya mwaka mzima.

Tuje kwenye ugonjwa wa pili, ule wa picha kuganda huku sauti ikiendelea. Hapa data inafika, la sivyo sauti nayo ingekatika. Kinachoshindwa ni kuisimbua picha (kuifungua kutoka kwenye data iliyobanwa) au kuiweka kwenye skrini. Cheza mojawapo ya video zinazoganda, kisha bonyeza Ctrl na J. VLC itakufungulia dirisha linaloonyesha kodeki ya video, yaani mbinu iliyotumika kuibana. Nadhani utakuta imeandikwa HEVC au H265. Kiwango hicho kilipitishwa mwaka 2013, mwaka uleule ambao prosesa yako ilitoka kiwandani, na chipu ya michoro iliyo ndani yake haina sehemu ya kusimbua HEVC. Ina ya H.264, kiwango cha mwaka 2003, nayo inaifanya vizuri. Kwa hiyo video ya HEVC huangukia mabega ya prosesa yenyewe, yenye viini (cores) viwili tu, na ikiwa video ni ya 4K, au ni ya biti 10 (yenye ngazi nyingi zaidi za rangi), prosesa inazidiwa. Sauti, ambayo ni kazi nyepesi, inaendelea, na picha inaachwa nyuma. Chumba chenye joto huzidisha, kwa sababu prosesa ikipata moto sana hupunguza kasi yake ili isiungue, na laptopu ya mtumba ambayo feni yake haijasafishwa tangu ilipofika nchini hufika huko mapema.

Dawa ni kuzigeuza video hizo ziwe za H.264, jambo linalofanywa mara moja na kumalizika. Sakinisha ffmpeg, kisha andika, kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i somo.mkv -c:v libx264 -preset veryfast -crf 22 -pix_fmt yuv420p -vf scale=-2:720 -c:a copy somo-h264.mkv

Kipengele cha pix_fmt kinaiondoa ile biti 10, na scale inashusha picha hadi mistari 720, ambayo kwa projekta nyingi za darasani inatosha kabisa. Kazi hii ni ndefu, kwa hiyo iache laptopu ifanye usiku ikiwa kwenye chaja, na faili ziwe kwenye diski ya ndani, si kwenye ile ya nje tunayoitilia shaka. Umeme ukikatika na betri ikaisha, faili ya mkv iliyokatika njiani bado huchezeka hadi ilipofikia, jambo ambalo mp4 ya kawaida haikupi. Hata hivyo utalazimika kuigeuza upya yote.

Ikiwa utakuta video inayoganda ni ya H.264, basi hukumu yangu inabadilika. Icheze hivi:

vlc --avcodec-hw=none somo.mp4

Ikiacha kuganda, kiendeshi (driver) cha chipu ya michoro ndicho chenye kasoro. Kwa prosesa ya kizazi chako kifurushi kinachohitajika ni i965-va-driver. Kile kipya kiitwacho intel-media-va-driver ni cha vizazi vilivyofuata, na kukisakinisha peke yake hakukusaidii. Sakinisha pia vainfo, uiendeshe, na utaona orodha ya kodeki ambazo chipu inazimudu. Kuzimwa kwa usaidizi wa chipu hakuna madhara kwa video za kawaida, kwa hiyo kama huna muda wa kuhangaika na kiendeshi, izime ndani ya mipangilio ya VLC na uendelee na kazi.

Projekta nayo isisahaulike. Kuchora madirisha kwenye skrini, Ubuntu 22.04 mara nyingi hutumia mfumo wa Wayland badala ya ule wa zamani wa Xorg, na VLC ya toleo la 3 huingia humo kupitia daraja liitwalo XWayland. Ikiwa kuganda hutokea tu projekta ikiwa imeunganishwa, toka kwenye akaunti yako, bofya jina lako, kisha ubofye alama ya gurudumu la meno pembeni chini, uchague Ubuntu on Xorg kabla ya kuandika nywila.

Umesema kusakinisha upya hakukusaidia. Hata kama kosa lingekuwa kwenye mipangilio ya VLC, usingeliondoa hivyo, maana apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kuondoa programu, inapoondoa programu haigusi mipangilio iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Ungelazimika kuiweka kando wewe mwenyewe:

mv ~/.config/vlc ~/.config/vlc.zamani

Kama VLC yako ilitoka kwenye duka la programu kama snap (kifurushi kinachojitegemea), mipangilio iko ndani ya ~/snap/vlc badala yake. Kuhusu kuhama, sakinisha mpv, programu nyingine ya kuchezea video, kwa ajili ya kulinganisha tu: video ikisimama kwa nusu dakika humo pia, umepata shahidi wa pili dhidi ya diski. Windows ingeisoma diski hiyohiyo kupitia kebo hiyohiyo.

Anza leo jioni, kabla ya jaribio lolote la kebo wala la kodeki, kwa kunakili masomo usiyoweza kuyapata tena kwenda diski ya ndani, ukianza na yale uliyorekodi mwenyewe. Kisha niandikie mistari ya dmesg ya dakika ile video iliposimama, pamoja na kodeki uliyoiona kwa Ctrl na J.