Shangazi, mume wangu ananiletea nyama kila Ijumaa ya Kwaresima

*Shangazi habari za huko. Mi naishi Busia, upande wetu wa Uganda, nauza mitumba sokoni, nimeolewa miaka saba na tuna watoto wawili, wa miaka 6 na 4. Mi ni mkatoliki wa kuzaliwa, mume wangu ni mlokole, aliokoka kabla hatujajuana na hatujawahi kugombana sababu ya kanisa, Jumapili kila mtu anaenda kwake alafu tunakutana kwa chakula. Sasa mwaka huu nikaamua Kwaresima niifunge vizuri, nikaacha nyama na soda siku zote mpaka Pasaka. Siku ya kwanza nimerudi na majivu kwenye paji la uso akaniangalia akasema nenda ukanawe, hayo mambo hayako kwa Biblia. Nikanyamaza. Tangu hapo kila Ijumaa anakuja na kilo ya nyama ya ng'ombe kwenye kavera, anaiweka mezani, anasema pika. Napika, yeye anakula, mimi na watoto tunakula maharage juu niliamua nyumba ifunge pamoja. Ijumaa iliyopita akampa mdogo kipande nikakitoa mkononi mwa mtoto, mtoto akalia, tukagombana mpaka majirani wakasikia. Jumapili tukaenda kwa mama mkwe, alichinja kuku, nikakataa kula, mama hakuongea na mimi tena mpaka tunaondoka. Wifi naye akaandika kwa grupu ya familia eti kuna watu wanaacha nyama lakini mdomo hawauachi, juu kila siku naweka kwa stetasi nimefika siku ya ngapi. Jirani yangu wa sokoni ni mwislamu, anafunga Ramadhani na kwake wanamwamsha ale daku, kwa nini mi nateswa kwangu? Na Januari kanisa la mume wangu walifunga siku 21 bila kula mpaka jioni, mimi ndo nilikuwa namkorogea uji kila siku. Je niache hii Kwaresima amani irudi? Na swali dogo, nikionja mchuzi wa nyama yake kuangalia chumvi, nimevunja? Mama Wawili, Busia.*

Mama Wawili mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika kwa ajili yako, maana mtu anayeleta nyama kila Ijumaa na siku zingine haleti anajua anachofanya. Mara ya pili nikasimama pale kwa uji. Umeupitisha haraka haraka mwishoni kama kitu kidogo lakini mi naona barua yote iko hapo. Siku 21 mwanaume hakula mpaka jioni, na wewe ambaye kwenu Januari si msimu wa kufunga ulikuwa unatoka sokoni na miguu imechoka, unawasha sigiri, unakoroga uji ili akifungua aukute wa moto. Hukumwuliza hizo siku 21 nani kaziweka.

Na ungemwuliza angekujibu, na ningependa umwulize sasa hivi, sio kwa kumtega, kwa kutaka kujua. Makanisa mengi yanayofunga siku 21 yanazitoa kwa Danieli sura ya 10, mstari wa 2 na wa 3. Fungueni pamoja msome. Danieli aliomboleza wiki tatu kamili, na anasema chakula kitamu hakula, nyama wala divai havikuingia kinywani mwake. Nyama, mwanangu! Kitu ambacho mumeo anakiheshimu Januari ndicho unachokifanya wewe saa hii, tofauti ni jina na mwezi na yale majivu.

Lakini usimcheke, maana hofu yake sio ya kijinga. Watu wa kwao wamefundishwa kuogopa dini ya desturi, kwamba mtu anaweza kupakwa majivu kila mwaka, akaacha nyama kila mwaka, na moyo ukabaki palepale, na hilo sio uongo, wote tunamjua mtu wa hivo na saa ingine mtu huyo ni sisi. Hii hofu ni ya zamani kuliko walokole. Mwaka 1522 kule Zürich, Uswisi, kula nyama Kwaresima lilikuwa kosa la kushtakiwa, na wafanyakazi wa mchapaji vitabu mmoja, Christoph Froschauer, wakala soseji katikati ya mfungo kwenye nyumba ya bosi wao. Froschauer akakamatwa. Padri wa mji ule, Ulrich Zwingli, alikuwepo, yeye hakula, lakini baadae akapanda mimbari akawatetea, akahubiri kwamba anayetaka kufunga afunge, asiyetaka aachwe, Mkristo yuko huru kwa chakula. Matengenezo ya kanisa kule Uswisi yakaanzia hapo, kwa soseji. Kwa hiyo mumeo akisema Kwaresima haiko kwa Biblia anasema kitu ambacho wakristo wengi wamekisema kwa dhati. Neno lenyewe kweli haliko. Kuna siku 40 za Yesu jangwani, za Musa mlimani, za Eliya akienda Horebu, na mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu mwaka 325, tayari ulikuwa unazitaja siku 40 kabla ya Pasaka kama kitu kinachojulikana, hata haukueleza ni nini. Ni desturi ya kale sana na imejengwa juu ya Biblia, lakini amri ya Biblia sio, na huna haja ya kumbishia hapo.

Na hata waliobaki nayo hawaishiki namna moja. Waanglikana wa Church of Uganda wana Kwaresima kwenye kitabu chao cha sala tangu wamisionari waje, ila kila mtu anaachiwa dhamiri yake. Waothodoksi wa Namungoona, kule Kampala, hawaanzi Jumatano, wanaanza Jumatatu, na wanaacha nyama, mayai na maziwa kabisa, ukiwaambia wewe umeacha nyama na soda watakupa pole. Wasabato hawana Kwaresima kabisa, na hao nguruwe hawali mwaka mzima. Wote hao unapishana nao sokoni kila siku.

Sasa mwanangu nikwambie na upande wako, na usininunie.

Watoto. Kanisa lako lenyewe linasema kuacha nyama Ijumaa kunamhusu mtu aliyetimiza miaka 14, na kufunga chakula, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, ni kuanzia miaka 18 mpaka 59. Wako wana 6 na 4. Hakuna padri aliyekutuma uwafungie hao. Mtoto wa miaka minne akipewa nyama na baba yake hajui Kwaresima, anajua baba kanipa, alafu mama kaninyang'anya, na hicho kilio ndicho majirani walikisikia. Kiswahili chetu kina neno moja, kufunga, la kuacha kula na la kufunga mlango, na wewe bila kujua ulianza na la kwanza ukaishia la pili. Leo jioni mwite huyo mdogo, mpakate, mwambie mama alikosea. Hata kama hataelewa sawasawa, baba yake atasikia akiwa chumba cha pili.

Alafu kuku wa mama mkwe. Hesabu na mimi: mwaka huu 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari na Pasaka ni 5 Aprili, kabla Pasaka yenyewe kuna siku 46, sio 40. Hizo sita za ziada ni Jumapili, hazihesabiwi kwenye mfungo kwa sababu kila Jumapili ni siku ya Ufufuko. Na sheria ya Kanisa inakutaka uache nyama Jumatano ya Majivu na siku za Ijumaa, hayo mengine ya siku zote ni nadhiri yako mwenyewe, nzuri, lakini yako. Mama wa watu ameamka asubuhi kakamata kuku wake mwenyewe, kanyonyoa, kakupikia siku ambayo hata Kanisa halikudai, na wewe umesukuma sahani. Ungekula hata bawa. Mpigie simu, bora zaidi nenda umwone, na ukienda beba hata kilo ya sukari, usimweleze habari ya nadhiri, mwambie tu mama nilikosea ile siku, na ukikuta amepika, kaa ule.

Wifi achana naye, maneno ya kwa grupu yanajibiwa kwa kukaa kimya. Ila stetasi futa. Unajua Injili wanayosoma Jumatano ya Majivu, siku ileile unapakwa majivu? Mathayo 6, Yesu anasema ukifunga jipake mafuta kichwani, nawa uso, watu wasijue. Wifi yako alisema kwa ubaya lakini kitu chenyewe kiko kwenye Injili yako.

Umeuliza kwa nini jirani yako mwislamu hasumbuliwi. Kwa Kiganda mfungo wake na wa kwako vyote vinaitwa kisiibo, neno moja, na mwaka huu vimeanza wiki moja. Ila yeye kwake wote wanafunga, daku wanaamka pamoja, jioni wanafuturu pamoja. Wewe unafunga peke yako kwenye nyumba ya watu wanne. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuacha nyama, ndo maana nadhani ukataka kuwavuta watoto, ulitaka mwenzako. Nimekuelewa kabisa hapo, na sikulaumu kwa kutaka mwenzako.

Mi nimekulia nyumba kama yako. Mama mkatoliki, baba mlokole wa zamani, wale wa Tukutendereza, waliokuwa wanaungama dhambi mbele ya watu wote. Kwaresima mama alikuwa anaacha sukari. Juu ya kabati ya vyombo kulikuwa na mkebe wa Blue Band, mfuniko umetobolewa kwa kisu, na kila asubuhi akinywa chai kavu alikuwa anadondosha humo sarafu ya ile sukari ambayo hajaitumia, sisi tunaisikia ikilia kabla hatujatoka kitandani. Wiki ya Pasaka anaufungua mkebe anampelekea mama mmoja mjane nyuma ya nyumba yetu. Baba Kwaresima hakufunga hata siku moja ninayoijua, na akiulizwa alikuwa anasema wazi kwamba hazikubali hizo siku. Lakini Ijumaa nyama hakuileta nyumbani. Alikuwa anainunua Jumamosi. Hakuna siku alieleza kwa nini na mama hakumwuliza, nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, na mi mwenyewe nimeolewa.

Kwa hiyo swali lako, niache amani irudi? Hapana, usiache. Ukiacha kwa ajili ya ugomvi utabaki na kinyongo mpaka Pasaka na baada ya Pasaka, na yeye atajifunza kwamba kilo ya nyama inatosha kukunyamazisha kwa jambo lolote. Endelea, ila liwe lako peke yako, watoto wale wanachokula watoto, stetasi zimefutwa. Ile pesa ya soda usiirudishe kwenye matumizi, itafutie mtu, mumeo akiona inaenda kwa mwenye shida hatakuwa na la kusema, maana Isaya 58 anaijua, mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako.

Na ongea naye. Sio Ijumaa nyama ikiwa mezani, chagua siku nyingine, watoto wamelala. Usianze na Kwaresima, anza na uji. Mwambie baba fulani, Januari ulipofunga nilifurahi kukukorogea uji, sikuona kama ni kazi, na sasa mi nafunga, sikuombi ufunge na mimi wala ukubali majivu, naomba hiyo nyama uilete Jumamosi. Alafu nyamaza, mwache. Mkifika mahali pa kusoma someni Warumi 14, alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye, nusu ya huo mstari ni ya kwake na nusu ni ya kwako. Kama kuna kitu ulimtupia kwenye ule ugomvi, na sidhani majirani walisikia mtu mmoja tu, kiombee msamaha kwanza wewe.

Anaweza kukataa. Anaweza kuleta nyama na Ijumaa hii vilevile, wanaume saa ingine wanahitaji wiki mbili kurudi nyuma ili wasionekane wamerudi. Ikiletwa ipike vizuri, na vitunguu na nyanya zake, bila kugonga vifuniko.

Swali lako la chumvi sasa. Kwa maoni yangu kuonja kwa ncha ya ulimi sio kula nyama, na kama moyo hautulii muulize padri wako mkimaliza Njia ya Msalaba. Lakini Ijumaa hii mi nisingeonja. Mchuzi ukichemka, na kasufuria kako ka maharage kako pembeni, mwite baba watoto jikoni, mpe kijiko, mwambie mi leo siwezi, hebu nionjee chumvi.