Kusimba diski (kuifunga kwa nenosiri) kabla ya kusimika Debian, mfumo endeshi wa Linux

Kaka wa Kirumba, umeuliza ugawe vipi SSD ya GB 256 kwenye laptopu yenye RAM ya GB 8, ili hesabu za wateja wako wa dagaa zisisomeke ikiibwa. Nakili data zako nje kwanza, maana kazi hii inafuta kila kitu.

Usisimbe kila patisheni (kipande cha diski) peke yake. Tenga MB 512 za EFI (FAT32), ambako mashine huanzia kuwaka, na GB 1 ya /boot (ext4), yenye faili za kuwashia Debian, uziache bila kusimbwa. GRUB, programu inayowasha mfumo, matoleo yake mengi yana shida na Argon2id, njia ya kugeuza nenosiri kuwa ufunguo ambayo LUKS2 (mfumo wa Linux wa kusimba diski) huitumia kwa kawaida. Ukiiweka /boot ndani ya LUKS2, mashine inaweza kugoma kuwaka. Sehemu yote iliyobaki iwe LUKS2 moja, na ndani yake LVM, inayogawa nafasi hiyo: swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) GB 10, mzizi (/, yenye mfumo wenyewe) GB 50, iliyobaki /home, yenye faili zako. Nenosiri moja litafungua vyote. Swapu isibaki kamwe nje ya LUKS2, kwani yaliyomo kwenye RAM huandikwa humo.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni heda ya LUKS, sehemu ya mwanzo inayotunza funguo. Ikiharibika, hata nenosiri sahihi halisaidii. Ukimaliza kusimika, kama patisheni yako ya LUKS ni ya tatu, andika:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/nvme0n1p3 --header-backup-file heda.img

Hamishia faili hilo kwenye fleshi, uifungie nyumbani, si kwenye begi la laptopu. Ukibadilisha nenosiri, tengeneza nakala mpya na uharibu ya zamani: nenosiri la zamani bado linafanya kazi kwa nakala ile.

Mwisho endesha lsblk -f, amri inayoorodhesha patisheni na aina zake. Patisheni kubwa lazima isomeke crypto_LUKS.