Uhandisi wa programu za kompyuta si kuandika kodi tu

Mdogo wangu wa Kondoa, umeuliza kama ukisoma uhandisi wa programu hapa Dodoma utakuwa unaandika kodi tu, yaani maagizo ya kompyuta. Hapana. Kodi utaandika sana, pamoja na hisabati, kanzidata (hifadhi za taarifa kwenye kompyuta) na mitandao, lakini kiini ni kumsikiliza mtumiaji kwanza. Tuseme wakulima wa zabibu wa Hombolo wanataka mfumo wa kupokea mazao. Nani anaingiza kilo? Mtandao ukikatika, taarifa zinabaki wapi? Mkulima akipinga uzito, nani anaruhusiwa kusahihisha? Ukishapata majibu ndipo unasanifu, unaandika, unajaribu. Majaribio usiyadharau kabisa. Mimi niliyaacha hadi wiki ya mwisho, mradi wetu ukagoma mbele ya mwalimu. Wakati unasubiri chuo, anza Python, lugha ya kuandikia kodi, na hisabati usiiache.