Dripu nyumbani, mtoto mguuni

Safu ya afya mwezi huu ni ya wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitali wakiwa na kanula (kimrija laini cha plastiki kinachoachwa kwenye mshipa ili dawa ipitie) mkononi na dozi ambazo hazijaisha, huku nyumbani kuna mtoto mdogo. Tunajibu tukichukulia kwamba dawa inatolewa na nesi. Familia ina kazi ya kuandaa nyumba na kukagua kila kinachofanyika.

*Nilikuwa na maambukizi kwenye mfupa wa mguu. Nimeruhusiwa nimalizie antibiotiki ya seftriaksoni gramu 2 kwa siku, na nesi jirani yetu huja saa 12 jioni kunitundikia dripu. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 8. Kila akiuona mpira wa dripu anauvuta, na wiki hii ameshang'oa kanula mara mbili. Nifanyeje?* (Mama wa Pasua, Moshi)

Pole mama. Tuanze na saa, maana kwa maoni yetu hapo ndipo penye shida kuliko kwenye mikono ya mtoto. Saa 12 jioni mtoto wa umri huo ana njaa, amechoka, na anamtaka mama yake. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana hutolewa mara moja tu kwa siku, na hakuna ulazima wowote wa saa 12. Zungumza na nesi, naye amjulishe daktari, muirudishe dozi nyuma kwa saa 1 au 2 kila siku mpaka ifike saa 7 au 8 mchana mtoto akiwa amelala, kisha mbaki hapo hapo. Kama nesi yuko kazini mchana, basi aje saa 3 usiku mtoto akishalala. Kinachotakiwa ni dozi zipishane takriban saa 24.

Sasa kanula. Ikichomwa nyingine, omba iwekwe kwenye mkono usioutumia sana, katikati ya kiwiko na kiganja. Iliyo kwenye kifundo cha mkono hupinda kila unapomnyanyua mtoto au kusonga ugali, inachubua mshipa kwa ndani, na italegea hata mtoto asipoigusa. Rangi zinaonyesha unene: kijani ni namba 18, pinki 20, bluu 22. Kwa dawa hii bluu au pinki inatosha. Wapo wanaodai kanula nene ndiyo bora, lakini nene kwenye mshipa mwembamba huuwasha mapema.

Nesi akishaifunga kwa plasta, aukunje mpira mduara mmoja mdogo na kuubandika peke yake kwa plasta nyingine, sentimita chache kutoka kwenye kanula. Mtoto akivuta, nguvu inaishia kwenye plasta hiyo. Dripu ikishatolewa, funika kanula kwa soksi safi iliyokatwa upande wa vidole. Usiikaze, na uivue asubuhi na jioni ili ukague ngozi.

Tundika chupa kwenye msumari imara ukutani, mita 1 hivi juu ya mkono wako. Stendi ya kuazima inaangushwa na mtoto kwa mkono mmoja. Kile kigurudumu cha kurekebisha kasi kisogezwe juu kabisa, chini kidogo ya chemba ya matone, mtoto asikifikie. Vidole vya watoto vinapenda sana kigurudumu kile, na kikifunguliwa chote, dawa ya nusu saa inaingia kwa dakika chache. Kaa mkono wenye dripu ukiwa upande wa ukuta, mtoto upande wa pili. Uji, nepi, maji na cha kuchezea viwe karibu *kabla* kichupa hakijafunguliwa.

Hesabu ya matone unaweza kuifuatilia mwenyewe. Gramu 2 zikiwekwa kwenye mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hutolewa kwa dakika 30 au zaidi. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo 100 mara 20 gawanya kwa 30 ni matone 67 kwa dakika, sawa na 17 hivi kwa sekunde 15. Soma pakiti ya mpira kwanza, kwa sababu ipo ya matone 15 na ya matone 60.

Kagua mambo mawili kwenye dawa. Baadhi ya maboksi ya seftriaksoni huja na maji yenye lidokeini, ya kupunguza maumivu ya sindano ya msuli. Maji hayo hayaingizwi kwenye mshipa kamwe. La pili, seftriaksoni haichanganywi na dripu ya Ringa wala haipiti nayo kwenye mpira mmoja kwa wakati mmoja, kwa sababu Ringa ina kalsiamu na zikikutana hutengeneza chembechembe ngumu. Dawa iliyoyeyushwa ikabaki, isiwekwe kwa ajili ya kesho.

Mtoto aking'oa tena, funga kigurudumu, kandamiza pamba safi kwa dakika 3 hadi 5, na uinue mkono. Kisha itazame kanula. Kile kimrija laini cha plastiki lazima kiwe kizima hadi nchani. Kikionekana kimekatika, nenda hospitali saa ile ile ukiwa na kipande kilichobaki. Kanula iliyotoka hairudishwi. Mpira ukichomoka tu na ncha ikagusa sakafu au mdomo wa mtoto, usiunganishwe tena; ubadilishwe.

Ukiona wekundu, maumivu, au mshipa umekuwa mgumu kama kamba, kanula hiyo imekwisha kazi hata kama ni ya jana. Mkono ukivimba na kuwa wa baridi, dawa inaingia nje ya mshipa: funga dripu. Sindano ya kusafisha kanula ikigoma, nesi asiilazimishe, hasa kwa bomba dogo, kwa kuwa bomba dogo lina msukumo mkubwa na linaweza kusukuma damu iliyoganda au kupasua mshipa. Ukipata baridi kali ya kutetemeka na homa muda mfupi baada ya kanula kusafishwa, au vipele, au kifua kubana, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu, na mtoto abaki kwa jirani.

*Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikapata maambukizi. Anapewa antibiotiki ya metronidazoli ya dripu kila baada ya saa 8 pamoja na sindano nyingine. Ananyonyesha. Dozi ya usiku wa manane inatuvuruga sote. Je, aache kunyonyesha? Mama mkwe naye ameleta mtori na mbege kutoka Rombo.* (Baba wa Sakina, Arusha)

Swali la kwanza la kumuuliza daktari ni kama bado inahitajika dripu. Metronidazoli ya vidonge huingia mwilini karibu yote, kwa hiyo mama anayekula vizuri na asiyetapika mara nyingi anaweza kuhamishiwa vidonge. Wengi hubaki kwenye dripu kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Ikibidi iendelee, pangeni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Zinapishana saa 8 kamili na hakuna anayeamka usiku wa manane.

Kunyonyesha aendelee, ila amtajie daktari dawa zote mbili kwa majina. Metronidazoli huweza kubadilisha ladha ya maziwa kidogo, na mtoto anaweza kupata choo laini au utandu mweupe mdomoni. Vikitokea mpelekeni kliniki. Amshike mtoto kwa mkono usio na kanula, na kichwa cha mtoto kilale kwenye mto ili mkono wenye dripu usibebe uzito. Mtori ale ashibe. Mbege mrudishie mama mkwe kwa heshima: pombe yoyote hairuhusiwi wakati wa dawa hii wala siku 3 baada ya dozi ya mwisho.

*Mjukuu wangu wa miaka 3 nilimkuta na sindano aliyoiokota kwenye ndoo ya taka. Mama yake anatibiwa nyumbani. Hizi sindano tuzitupe wapi?* (Bibi, Majengo, Moshi)

Shikamoo bibi. Ombeni sefti boksi (boksi gumu maalumu la kutupia sindano) kwa nesi au zahanati. Wakati mnaisubiri, tumieni galoni ngumu ya mafuta ya kula yenye kifuniko cha kuzungusha, iwekwe juu ya kabati. Sindano iingie humo mara tu inapotoka mkononi, bila kurudishiwa kofia yake, maana wengi hujichoma wakati wa kurudisha kofia. Ikijaa robo tatu ifungwe na irudishwe zahanati ikachomwe kwenye tanuri la taka. Msitupe chooni, migombani wala mtaroni.

Kama mtoto alijichoma, mwosheni kwa sabuni na maji yanayotiririka, msiminye wala msimwagie spiriti au jiki. Apelekwe siku hiyo hiyo kwenye kituo chenye CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza faida yake. Apelekwe pia na kadi yake ya chanjo, waangalie ya homa ya ini aina B.

*Naweza kufua nguo za mtoto na kumbeba mgongoni nikiwa na kanula?* (Ngaramtoni, Arusha)

Kufua hapana. Maji ya sabuni yakipenya chini ya plasta, inabanduka na vijidudu vinaingia, mwenzako akufulie. Ukioga, funika mkono kwa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa plasta juu na chini. Kumbeba mgongoni inawezekana dripu ikiwa imefungwa na kuondolewa, mradi khanga isipite juu ya kanula na mtu mwingine akuwekee mtoto mgongoni, usimvute mwenyewe kwa mkono ule.