Matufaha ya kuoka bila oveni: yanawezekana

Dada, umeuliza kama matufaha ya viungo yanaweza kuokwa kwenye sigiri, na kwa nini yako yalipasuka yakawa uji. Yanaokwa vizuri kabisa.

Tuanze na tunda lenyewe. Yale mekundu laini ya barabarani hulegea haraka. Tafuta ya kijani, magumu na yenye uchachu, au uliza sokoni kama yameshuka ya Kabale, kule kusini-magharibi mwa Uganda. Toa moyo kwa kisu chembamba lakini usitoboe chini, utomvu wa sukari usije ukavuja wote. Kisha chanja ganda kidogo kuzunguka kiuno cha tunda. Hapo ndipo mvuke unapotokea. Ukikosa njia, unapasua.

Ndani jaza sukari guru iliyopondwa, mdalasini, chembe ya iliki na zabibu kavu, juu kijiko cha samli. Karafuu weka moja tu kwa kila tunda, maana ina nguvu. Ukipata kipande cha vanila ya Mukono au Bundibugyo, kitumbukize kwenye maji utakayomimina chini ya sufuria. Tafadhali usikiache, tunayo nzuri mno hapa kwetu!

Panga kwenye sufuria nzito, mimina maji robo kikombe, funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa anza kuchoma kwa kisu: kikipenya bila kusukumwa, epua. Wenye oveni watumie nyuzi 180 za Selsiasi, kama dakika 40.

Mwagia ule utomvu juu, mle yakiwa moto.