Maji na Tope Baada ya Moto wa Mlimani

SWALI: Moto umeteketeza msitu wa mlima ulio juu ya kijiji chetu. Maji ya mfereji yamekuwa meusi. Tukiyachemsha, yatafaa kunywa? Na mvua zikianza?

JIBU: Hayatafaa. Kuchemsha huua vijidudu tu. Majivu na madini hubaki, tena hukolea maji yanapopungua. Tumieni chanzo kingine hadi yapimwe. Mvua ya paani nayo isikingwe ovyo: lowesheni majivu, fagieni, kisha tupeni maji ya kwanza. Milimita 1 ya mvua kwenye paa la mita 50 za mraba ni lita 50. Mwageni angalau 100.

Hatari kubwa zaidi, ambayo wengi huisahau moshi ukiisha, ni tope. Moto mkali huweza kuacha tabaka la udongo lisilopitisha maji, na mizizi iliyokufa haishiki tena. Mvua kali ya nusu saa tu yaweza kushusha mawe na miti. Lazeni magogo kukingama mteremko, yagusane na ardhi kote. Yakiacha upenyo, maji hupita chini na kuchimba. Wanaolala kando ya korongo wahame mapema, wasingoje mngurumo.